Walioaga Wakabaki

Historia ya UKIMWI katika Afrika Mashariki tumezoea kuisimulia kwa vipindi viwili. Cha kwanza ni cha makaburi, kuanzia miaka ya 1980 hadi mwanzoni mwa karne hii. Cha pili ni cha vidonge, pale dawa za kufubaza virusi zilipoanza kugawiwa bure katika hospitali zetu. Katika simulizi hiyo mgonjwa hana kazi yoyote ya kufanya: kwanza anakufa, kisha anapewa dawa. Wanafunzi wangu, ambao wengi wao wamezaliwa baada ya mwaka 2000, huiandika hivyo katika mitihani yao, nami siwezi kuwalaumu, maana ndivyo walivyofundishwa.

Katika makala haya nataka kulizungumzia kundi lililoangukia katikati ya vipindi hivyo viwili. Ni watu waliougua hadi wakaagana na ndugu zao, wakagawa mali, wakaonyesha hata mahali pa kuzikwa, kisha hawakufa. Iliwabidi waamke na kuanza upya maisha ambayo wao wenyewe walikwisha kuyafunga. Hoja yangu ni ya kihistoria, lakini ni ya kisiasa pia. Nasema kwamba kazi waliyojitafutia watu hao ndiyo iliyoiwezesha dawa kufanya kazi katika nchi zetu, na kwamba serikali zetu, ambazo zimeifaidi kazi hiyo kwa miongo miwili, hazijaamua bado kama ni kazi au ni hisani.

Tuanze na namna mtu alivyokuwa akifa. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini Tanzania waligunduliwa mwaka 1983 mkoani Kagera. Ng'ambo ya mpaka, katika wilaya ya Rakai nchini Uganda, wavuvi na wachuuzi wa Kasensero, mwalo ulio ukingoni mwa Ziwa Victoria, walikuwa wamekwisha kuuona ugonjwa huo mwaka mmoja kabla. Waganda waliuita silimu, kutokana na neno la Kiingereza lenye maana ya wembamba. Kwetu Kagera uliitwa Juliana, jina la kitambaa kilichokuwa kikiletwa na wafanyabiashara kutoka Uganda, na ndani ya jina hilo mlikuwamo tayari shutuma kwa wafanyabiashara hao na kwa wanawake waliokivaa kitambaa chao. Majina yaliongezeka kadiri maradhi yalivyoshuka kuelekea mijini: ngoma, umeme, mdudu. Vijana wa Dar es Salaam walizichukua herufi za AIDS wakazipa tafsiri yao: Acha Iniue Dogodogo Siachi. Watu walicheka, lakini kilikuwa kicheko cha watu wenye hofu kubwa.

Nilikuwa mtoto wa shule ya msingi wilayani Muleba miaka hiyo. Ninachokumbuka zaidi, kuliko hata misiba yenyewe, ni jinsi hukumu ilivyotangulia kifo. Ilitosha mtu aonekane amekonda. Akitokewa na mkanda wa jeshi ubavuni, basi majirani walikwisha kumzika. Mwenye duka hakumkopesha tena, maana nani amkopeshe marehemu? Kikombe chake kiliwekwa peke yake. Kijana aliyekuwa akisomeshwa aliachishwa shule kwa hesabu ya kawaida kabisa kwamba ada haitazaa kitu. Mgonjwa naye aliingia katika hesabu hiyohiyo. Aliuza ng'ombe, akauza sehemu ya kibanja, akawagawa watoto: huyu kwa bibi, huyu kwa mjomba, huyu kwa yeyote atakayekubali. Yote hayo yalifanywa kwa busara. Mzazi aliyejua kwamba hatauona mwaka ujao, na asiwatafutie wanawe mahali pa kukaa, ndiye angeonekana mwendawazimu.

Mwaka huohuo wa 1983, mjini Denver, Marekani, wagonjwa wachache walipanda jukwaani katika mkutano wa masuala ya afya wakasoma tamko. Walikataa kuitwa wahanga. Walitaka waitwe watu wenye UKIMWI, na wapewe nafasi katika kila ngazi ya maamuzi yanayowahusu. Ilichukua miaka kumi na mmoja, hadi Desemba 1, 1994 mjini Paris, kwa serikali 42 kutia saini ahadi ya kuwashirikisha kwa upana zaidi watu wanaoishi na virusi. Wanaharakati wetu hupenda kuanzia hapo, Denver na Paris, kana kwamba wazo lilishuka kwetu kwa ndege. Kumbukumbu zinaonyesha vingine.

Noerine Kaleeba alikuwa mtaalamu wa viungo katika Hospitali ya Mulago, Kampala. Mwaka 1986 alipata habari kwamba mumewe, Christopher, aliyekuwa masomoni Uingereza, amelazwa katika mji wa Hull na kwamba ana UKIMWI. Alikwenda kumwuguza. Huko aliona jambo ambalo hakuwa ameliona Mulago: wauguzi waliomgusa mgonjwa bila woga, waliokaa wakazungumza naye. Waliporudi nyumbani walikuta kinyume chake. Christopher alifariki Januari 1987. Mwaka huohuo Kaleeba na wenzake, kumi na sita kwa jumla, wengi wao wakiwa wenyewe na virusi, walianzisha TASO, shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI nchini Uganda.

Inafaa kuuliza walikuwa na nini cha kutoa mwaka 1987. Dawa ya kufubaza virusi hawakuwa nayo. Walikuwa na Septrini, dawa za vidonda, chakula kidogo, na mazungumzo. Katika mazungumzo hayo ndipo lilipozaliwa wazo ambalo kwa Kiswahili tumekuja kuliita kuishi kwa matumaini. Leo maneno hayo yamechakaa kwa kuandikwa kwenye fulana na mabango, lakini wakati ule yalikuwa na makali. Yalisema kwamba kati ya siku ya kupimwa na siku ya kufa kuna muda, na muda huo ni mali ya mgonjwa. Anaweza kulima ndani yake. Anaweza kumlea mtoto hadi amalize darasa moja zaidi. Anaweza pia kumshauri aliyepimwa jana, maana yeye amepimwa mwaka jana. Wazo hilo la mwisho ndilo lililodumu. Mgonjwa alipewa cheo: mshauri.

Tanzania haikuwa nyuma. WAMATA, yaani Walio katika Mapambano na AIDS Tanzania, ilianzishwa Dar es Salaam mwaka 1989, Theresa Kaijage akiwa miongoni mwa waasisi wake. Mwaka 1994 ikafuata SHDEPHA+, na alama ile ya kujumlisha mwishoni mwa jina ilikuwa na maana yake: walioiongoza walikuwa wanaishi na virusi wenyewe na walitaka ijulikane. Kujitangaza kwa mwaka 1994, wakati hakuna tiba na hakuna sheria ya kumlinda mtu asifukuzwe kazi, ni tendo ambalo sidhani kama tumelipa uzito wake katika vitabu vya historia ya siasa za nchi hii. Tunawaheshimu waliokwenda jela kudai uhuru, na ni haki yao. Hawa nao walipanda jukwaani wakijua kwamba jioni ile mwenye nyumba huenda akawatolea vitu nje.

Katika hao wa mwanzo, Philly Bongoley Lutaaya ndiye anayejulikana zaidi. Alikuwa mwanamuziki wa Uganda aliyehamia Sweden, na mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana UKIMWI. Wengi nyumbani hawakumsadiki. Alionekana mwenye afya, hivyo wakasema anatafuta kuuza kanda. Alirudi Uganda, akarekodi nyimbo kuhusu ugonjwa wake, akazunguka shuleni, makanisani na misikitini. Alifariki Desemba 15 mwaka huohuo, akiwa na umri wa miaka 38. Tangu alipojitangaza hadi kufa kwake haikutimia hata mwaka mmoja. Nikiutazama mwaka ule naona mtu aliyekuwa na haki zote za kubaki Stockholm karibu na hospitali nzuri, na ambaye alihesabu miezi iliyobaki akaamua itumikeje. Huwaambia wanafunzi wangu kwamba swali la nini cha kufanya na maisha baada ya ugonjwa mkubwa lilijibiwa kwetu kwanza na watu ambao hawakuwa na matumaini yoyote ya kupona.

Kuna jambo jingine la miaka hiyo ambalo ningependa watu wa nyaraka walitazame kwa makini. Katika miaka ya 1990 wanawake wa Uganda wanaoishi na virusi, waliojiunga katika chama chao cha NACWOLA, walianza kuandika vitabu vya kumbukumbu. Kila mama alikaa na daftari na kuwaandikia watoto wake: ulizaliwa wapi, ulikuwa na uzito gani, baba yako alikuwa mtu wa namna gani, ukoo wetu unatoka wapi, ulipenda kula nini ulipokuwa mdogo, nakutakia nini. Walibandika picha, kama zilikuwapo. Mwandishi wa Sweden Henning Mankell alivutiwa na madaftari hayo hata akaandika kitabu kuyahusu.

Madaftari yale yaliandikwa kwa ajili ya kifo. Lakini wanawake walioyaandika waligundua jambo ambalo hawakulitarajia. Ili kumwandikia mtoto, ilibidi kwanza wamwambie kwamba mama anaumwa, na ugonjwa gani. Siri ikafunguka ndani ya nyumba. Mtoto akawa mwenzi badala ya kuwa mtu wa kufichwa. Kisha dawa zikaja, na baadhi ya waandishi wakabaki hai, madaftari yakiwa sandukuni, yakisubiri msomaji ambaye sasa alikuwa ameketi mezani pamoja na mwandishi. Hiyo ni aina ya nyaraka ambayo sijui kama ina mfano wake mwingine: wosia wa mtu ambaye bado yupo, na anaweza kuulizwa alimaanisha nini.

Dawa zenyewe zilichelewa, na kuchelewa kwake hakukutokana na sayansi. Tiba ya mchanganyiko wa dawa tatu ilithibitishwa mwaka 1996. Katika nchi tajiri watu waliokuwa wakisubiri kufa walianza kuinuka vitandani, hata madaktari wakalitumia jina la Lazaro kulieleza jambo hilo. Kwetu, bei ilikuwa zaidi ya dola za Kimarekani 10,000 kwa mgonjwa mmoja kwa mwaka. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ilitangaza kwamba inaweza kuuza tiba hiyohiyo kwa dola 350 kwa mwaka kwa mashirika ya hisani, chini ya dola moja kwa siku. Aprili mwaka huo, kampuni 39 za dawa ziliondoa mahakamani kesi zilizokuwa zimeifungulia Serikali ya Afrika Kusini kuhusu sheria yake ya kurahisisha upatikanaji wa dawa. Nyuma ya tukio hilo ilikuwapo harakati ya TAC, iliyoanzishwa Desemba 10, 1998, na mmoja wa viongozi wake, Zackie Achmat, ambaye mwenyewe alikuwa na virusi, alikataa kumeza dawa alizoweza kuzipata hadi zitakapopatikana kwa wote katika hospitali za umma. Mandela alimtembelea nyumbani kwake mwaka 2002 akamsihi azimeze. Achmat alishikilia msimamo wake hadi mwaka 2003.

Lakini kikwazo cha bei kilipoanza kulegea kilizuka kingine, na hiki ndicho ninachotaka watumishi wa umma wanaonisoma wakikumbuke. Mwaka 2001 Andrew Natsios, aliyekuwa mkuu wa USAID, alisema kwamba dawa hizo hazifai kupelekwa Afrika kwa wingi kwa sababu, pamoja na mambo mengine, Waafrika wengi hawajui saa za Kizungu, na dawa lazima zimezwe kwa saa maalumu. Hakuwa peke yake. Wataalamu wengi wenye lugha ya adabu zaidi walisema kitu kilekile. Mwaka 2006 jarida la madaktari wa Marekani, JAMA, lilichapisha uchambuzi wa tafiti nyingi kuhusu jambo hilo. Walioonekana kumeza dawa ipasavyo Afrika Kusini mwa Sahara walikuwa asilimia 77. Amerika Kaskazini walikuwa asilimia 55.

Asilimia hizo zilitoka wapi? Wahudumu wa afya hatukuwa nao wa kutosha, maabara zilikuwa chache, na barabara zenyewe tunazijua. Kabla ya kujibu, naomba nieleze jinsi kupona kulivyokuwa, maana jibu limo humo.

Tanzania ilianza kutoa dawa bure Oktoba 2004. Mama yangu mdogo alianza kuzimeza mwaka uliofuata. Alikuwa mjane, ana watoto wawili, na alikuwa amebakiwa na kilo 34. Alikuwa fundi cherehani. Cherehani yenyewe alikwisha kumpa wifi yake. Mtoto mkubwa aliletwa kwetu, mdogo alipelekwa kwa bibi. Baada ya miezi mitano alikuwa anatembea. Baada ya mwaka alikuwa na kilo 55, na hapo ndipo matatizo yake yalipoanza.

Alikwenda kudai cherehani. Wifi yake alimjibu kwa upole na kwa haki kabisa, "Wifi, si uliniambia mwenyewe nichukue?" Alikwenda kumchukua mwanawe mdogo akakuta mtoto anamwita bibi "mama" na anamwogopa yeye. Shamba lilikwisha kupandwa na mtu mwingine. Mkopo wa kikundi hakupewa, kwa kuwa jina lake lilikuwa bado katika hesabu ya watu wasiokopesheka. Siku moja aliniambia hivi: "Nilipokuwa nakufa, kila mtu alijua la kufanya, na mimi nilijua langu. Nilipopona hakuna aliyejua anifanyie nini." Mara nyingine hulisema kwa kicheko: "Waliniandalia sanda, nikawadai cherehani."

Jamii zetu zina utaratibu kwa kila hatua ya kifo. Kuna kuaga, kuna matanga, kuna eda, kuna arobaini. Kwa mtu aliyeaga kisha akabaki hatuna hata salamu. Sheria nayo tunaijua zaidi inapogawa mali ya marehemu kuliko inapohusu zawadi iliyotolewa na mtu aliyeamini kwa dhati kwamba wiki ijayo hatakuwapo. Na mwili haukurudi kama ulivyokuwa. Stavudine, iliyokuwamo katika mchanganyiko wa bei nafuu wa miaka ile, ilinyonya mafuta ya mashavuni na miguuni, hivyo mtu akawa mzima wa afya huku uso wake ukiendelea kumtangaza kuwa mgonjwa. Ni mwaka 2009 tu Shirika la Afya Duniani lilipozishauri nchi ziachane nayo hatua kwa hatua.

Mama mdogo alipata njia kwa muuguzi mmoja wa kliniki ya CTC aliyemwomba akae mlangoni siku za kliniki na kuwapokea wapya. Hakuwa na mafunzo yoyote. Alichokuwa nacho ni picha yake ya zamani. Mgeni aliyeletwa akiwa amebebwa, aliyeamini kwamba vidonge vile ni njia nyingine ya kumuua haraka, alionyeshwa picha ya mwanamke wa kilo 34, kisha akaambiwa amtazame aliyeishika. Baadaye alipewa semina na daftari la majina. Mtu asipokuja siku yake, mama mdogo alimfuata kwake: kwa miguu, kwa baiskeli, wakati mwingine kwa kujifanya amepita kununua ndizi ili majirani wasishtuke. Alijua, kuliko daktari yeyote, kwa nini mtu huacha dawa. Hana chakula cha kumezea. Mume hajui. Mchungaji amemwambia amekwisha kupona. Amechoka tu.

Mambo haya aliyafanya wilaya moja, na maelfu ya wengine waliyafanya kwingine. Kwa Kiswahili cha wizarani wanaitwa WAVIU washauri. Mjini Jinja, Uganda, kuanzia mwaka 2005, watafiti walilipima jambo hili kwa mizani ya kisayansi. Kundi moja la wagonjwa wa TASO lilihudumiwa kituoni na wataalamu kwa utaratibu wa kawaida. Kundi jingine lilifuatiliwa majumbani na watu wasio wauguzi, waliopewa mafunzo mafupi na pikipiki. Matokeo yalichapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2009: huduma ya nyumbani ilifanya vizuri sawa na ya kituoni. Mwaka mmoja kabla, Shirika la Afya Duniani lilikwisha kutoa mapendekezo kwamba nchi zenye uhaba wa wataalamu zigawe kazi kwa watu wa ngazi ya jamii, na liliwataja watu wanaoishi na virusi kuwa miongoni mwa wanaofaa. Asilimia zile 77, kwa maoni yangu, zina nyayo za watu hawa.

Sipendi kulipamba jambo hili kupita kiasi. Kazi hii ilikuwa na upande wake mchungu. Wafadhili walipenda ushuhuda, na ushuhuda ulipata bei. Nimehudhuria warsha ambazo mama wa miaka hamsini alisimamishwa kwa mara ya nne kwa mwaka aeleze jinsi mumewe alivyomwambukiza, akalia mahali palepale alipolia mara ya tatu, kisha akasaini karatasi ya nauli. Kuna waliogeuka wagonjwa wa kudumu kwa ajira, kwa sababu sehemu yao pekee yenye thamani sokoni ilikuwa ugonjwa wao. Na wengi wa waliofanya kazi hii ni wanawake. Wanaume walipimwa wakiwa wamechelewa, waliificha kadi ya kliniki, na wengi wao walikufa dawa zikiwapo. Mwanaume aliyerudi kazini akanyamaza hakuwa na sababu ya kuutafutia ugonjwa wake maana. Mjane aliyepoteza cherehani hakuwa na hiari hiyo. Kwa hiyo tunaposema watu hawa walipata kusudi jipya la maisha, tukumbuke kwamba wengine walilipata kwa sababu milango mingine yote ilikuwa imefungwa.

Malipo yao yaliitwa posho. Katika bajeti za miradi yaliandikwa chini ya nauli na viburudisho. Kwa kuwa wafadhili ndio waliolipa, serikali haikuwa na haja ya kuuliza watu hawa ni nani katika muundo wa utumishi. Hawamo. Hawana cheo, hawana daraja, hawana mchango wa hifadhi ya jamii. Mtu amefanya kazi miaka kumi na tisa katika jengo la serikali, akishika daftari la serikali, akiwahudumia raia wa serikali, na kwa mujibu wa kumbukumbu za serikali hajawahi kufanya kazi popote.

Januari 2025 Serikali ya Marekani ilisitisha misaada yake ya nje kwa siku 90, na kufikia Julai 1 mwaka huo USAID ilikuwa imefungwa. Siku chache baada ya agizo la kwanza ilitolewa ruhusa maalumu kwa huduma za kuokoa maisha, dawa za kufubaza virusi zikiwamo. Lakini katika nchi nyingi za Kiafrika miongoni mwa watu wa kwanza kuambiwa wabaki nyumbani walikuwa wahudumu wa jamii na washauri rika. Agizo lile lilitenganisha kidonge na mtu anayekifikisha, likakihesabu cha kwanza kuwa uhai na wa pili kuwa gharama ya uendeshaji. Ni rahisi kuwalaumu Wamarekani kwa hilo. Mgawanyo huo huo, hata hivyo, ulikuwamo katika vitabu vyetu wenyewe kwa miaka ishirini, na hakuna aliyetulazimisha kuuandika.

Yapo mambo mawili mahususi ambayo yako ndani ya uwezo wetu. La kwanza ni la wanafunzi wa historia. Waanzilishi wa vyama vya miaka ya 1990 waliobaki wanazeeka, na sasa wanaugua magonjwa ya wazee wengine wote, shinikizo la damu na kisukari. Madaftari, kadi za kwanza za kliniki, kanda za mikutano na barua zao zimo majumbani, chini ya vitanda. Sioni kwa nini tasnifu moja zaidi iandikwe kuhusu sera ya wafadhili wakati nyaraka hizi hazijaorodheshwa.

La pili ni la watumishi wa umma. Mwishoni mwa Januari 2024 Tanzania ilizindua mpango jumuishi wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, unaolenga kuwaandaa wahudumu zaidi ya 137,000 kwa miaka mitano, kwa mafunzo na malipo yanayotambulika. Ni hatua ninayoiunga mkono. Swali langu ni la namna waombaji wanavyochujwa. Mama mdogo aliishia darasa la saba na ana miaka sitini na mmoja. Tukichuja kwa cheti cha shule na kwa umri peke yake, atapita mbele yake kijana wa miaka ishirini ambaye hajawahi kumfuata mtoro wa dawa hadi nyumbani kwake, na aliyefanya kazi hiyo tangu mwaka 2006 atabaki mlangoni na picha yake. Utaratibu wa kumpima mtu kwa kazi aliyokwisha kuifanya, na kumpa cheti kwa ujuzi alioupata nje ya darasa, upo tayari nchini kwa mafundi wa magari, waashi na wapishi kupitia VETA. Kuupeleka kwa WAVIU washauri kunahitaji waraka, kamati ya kuuandika, na mtu wa kuusaini.